Kuachia Gari la Kazi na Kuchukua la Spoti Lililotumika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu nimemwandikia mtu ambaye gari lake halina ubaya wowote. Linawaka kila asubuhi, linabeba kila anachopakia, na fundi analijua hadi kwa mlio. Hata hivyo, kila likipita gari fupi la milango miwili, shingo inageuka yenyewe. Mimi nilikuwa mtu huyo. Miaka sita iliyopita nilitoa gari la siti saba nikachukua la siti mbili, na haya ndiyo maswali ambayo watu wamekuwa wakiniuliza tangu hapo, pamoja na machache niliyopaswa kujiuliza mwenyewe kabla ya kutia sahihi.

Je, ni ujinga kuachia gari linalofaa kwa ajili ya gari la spoti?

Si ujinga. Gari ni chombo cha kazi, lakini mtu hukaa ndani yake saa nyingi za maisha yake, na si vibaya kutaka saa hizo ziwe na raha. Raha yenyewe haitokani na mwendo mkali kama wengi wanavyodhani. Inatokana na wepesi. Mazda MX-5 za mwanzo, zilizotoka mwaka 1989, zilikuwa na uzito wa chini ya tani moja, wakati gari la familia lililoinuka juu hufika tani moja na nusu, hata mbili na zaidi. Ukikata kona na gari jepesi lililokaa chini, halilali upande, na usukani unakupa habari za lami iliyo chini ya tairi. Utayasikia hayo hata kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa.

Ujinga ni kuingia kwenye mabadilishano bila kujua gari unaloliachia lilikuwa likikufanyia nini.

Nitajuaje kama naweza kuishi bila gari langu la sasa?

Chukua daftari dogo, liweke kwenye droo ya dashibodi, na kwa mwezi mzima andika kila safari: mlikuwa wangapi, mlibeba nini, barabara ilikuwaje. Usingoje kukumbuka jioni; andika kabla ya kushuka. Gari la kazi hufanya mambo kimyakimya hadi mwenyewe anasahau kwamba yalifanyika. Mimi nilikuwa nikiapa kwamba siku zote naendesha peke yangu. Daftari likasema vingine. Safari tatu kati ya nne nilikuwa peke yangu kweli, lakini ile ya nne ndiyo iliyokuwa na godoro la dada, ngazi ya kuazima, jirani aliyefungwa plasta mguuni, na mama.

Mama ndiye aliyenishtua zaidi. Siku ya kwanza alipopanda gari la siti mbili alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja na bega langu kwa mwingine, akajishusha polepole, magoti yakagoma katikati, akamalizia kwa kujiachia. Kushuka kulichukua muda mrefu zaidi. Hakulalamika, ila safari iliyofuata akasema atapanda gari la dada. Siti za magari haya ziko chini sana, na kwa mtu mwenye maumivu ya magoti au nyonga hilo ni jambo zito. Kama unambeba mzee mara kwa mara, nenda naye siku ya kulijaribu gari, apande na kushuka mara tatu ukiwa unamtazama.

Mwezi ukiisha, toa zile safari zilizohitaji gari kubwa, na kila moja uijibu: nani ataifanya, kwa gari gani, kwa gharama gani? Kukodi gari la mizigo mara mbili kwa mwaka ni jambo dogo. Kuazima gari la ndugu kila mwisho wa wiki si jambo dogo, hata kama ndugu mwenyewe anakubali kwa uso mkunjufu.

Nina watoto. Nisahau kabisa?

Inategemea ni wangapi, wana umri gani, na kama nyumbani kuna gari jingine. Jambo moja halina mjadala: kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa uliowashwa. Mfuko ukifunguka hukipiga kiti kwa nguvu inayoweza kuua. Baadhi ya magari ya siti mbili yana swichi ya kuzima mfuko wa upande wa abiria, mengine hayana. Hakikisha kwa macho yako, si kwa maneno ya dalali.

Yapo ya siti nne, kama Toyota 86 na pacha wake Subaru BRZ. Siti za nyuma zinamtosha mtoto. Mtu mzima atakaa magoti yakiwa kifuani. Ikiwa watoto ni wawili na gari ni hilo hilo moja, tazama upande wa magari ya familia yaliyonolewa: Volkswagen Golf GTI, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1976, Subaru Impreza WRX, au Honda Civic Type R. Chukua la milango ya nyuma. Umbo lake halitageuza shingo nyingi, lakini kona utazifurahia na begi za shule zitaingia.

Nibadilishane gari kwa gari, au niuze langu kwanza?

Kubadilishana na kuongeza pesa juu ni haraka: unaingia na moja, unatoka na jingine. Muuzaji atalithamini lako chini ya bei ya sokoni kwa sababu naye lazima alioshe, alitengeneze na apate faida. Hilo si dhuluma. Dhuluma huingia pale mnapozungumzia kiasi cha kuongeza tu. Ukiambiwa "lete lako, ongeza hiki," huwezi kujua kama umepunjwa kwenye lako au umepandishiwa la kwake. Mwombe bei mbili, ya lako mstari mmoja na ya la kwake mstari mwingine, kisha kila moja uilinganishe na soko.

Ukumbuke pia kwamba gari la kazi lina wanunuzi wengi na la spoti lina wachache. Wewe umeshika bidhaa inayotoka haraka, yeye ameshika inayokaa, hasa kama lina paa la kukunja na msimu wa mvua umeanza. Ongea ukilijua hilo.

Ukiuza mwenyewe kwanza utapata bei nzuri zaidi na utakwenda na pesa taslimu. Lakini utakaa bila usafiri kwa wiki kadhaa, na katika wiki hizo kila gari litaanza kuonekana zuri. Hapo ndipo watu wengi huchukua gari bovu: wamechoka kutembea. Kama utauza kwanza, panga usafiri wa kukutosha miezi miwili.

Gari lako likiwa bado na deni la mkopo, pata kwanza barua ya mkopeshaji inayotaja kiasi kilichobaki.

Pesa yote niliyonayo niiweke kwenye kununua?

Hapana, na hapa sitalegeza neno. Weka kando sehemu moja ya tano ya bajeti na usiiguse siku ya kununua hata gari liwe zuri namna gani.

Sababu ni hii: bei ya gari la spoti hushuka kwa miaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki nayo. Gari lililokuwa ghali sana likiwa jipya, leo unaweza kulipata kwa bei ya gari dogo la familia, ilhali diski zake za breki, shokapu na klachi bado zinauzwa kama za gari ghali. Ndiyo maana mengi yako sokoni kwa bei ya kuvutia. Mwenyewe aliletewa orodha ya matengenezo na fundi, akaisoma mara mbili, akaona heri auze. Ukilinunua gari, umeinunua na orodha.

Mwaka wa kwanza tarajia kubadilisha oili zote, za giaboksi na difu pia, pamoja na maji ya rejeta, mafuta ya breki na plagi. Karibu hakika utanunua tairi. Baadhi ya magari haya yana tairi za nyuma pana kuliko za mbele, kwa hiyo huwezi kuzihamisha mbele na nyuma ili ziishe sawa. Za nyuma huisha mapema na hununuliwa peke yake. Kisha bushi, zile raba za kwenye viungo vinavyoshika tairi na bodi. Mpira wa bushi huzeeka hata gari likiwa limesimama, na gari la spoti lenye bushi zilizochoka linapoteza kile kile ulichokilipia.

Nichukue lipi?

Kama ni la kwanza, nasema MX-5. Ndilo gari la wazi la siti mbili lililouzwa kuliko yote duniani; la milioni moja lilitoka kiwandani mwaka 2016, kwa hiyo vipuri na maarifa yake vimeenea. Injini zake ni za kawaida na ni ngumu. Adui wake ni kutu, hasa kwa matoleo mawili ya kwanza. Maji ya paa hushuka kwenye vijishimo viwili nyuma ya siti na kutokea chini. Vikiziba kwa majani, maji hutuama ndani ya vizingiti vya milango na kula bati kutokea ndani. Piga magoti, pitisha vidole chini ya kizingiti, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Bati liwe sawasawa na gumu. Ukigusa malengelenge au pati nene ya kuzibia mashimo, ondoka.

Toyota 86 na BRZ, zilizoingia sokoni mwaka 2012, ndizo rahisi zaidi kuishi nazo. Za toleo la kwanza zina injini ya lita 2.0 yenye silinda zilizolala, nguvu ya farasi takriban 200, na siti ya nyuma ikilazwa unapata nafasi ya kubeba tairi nne. Baadhi ya zile za miaka ya mwanzo ziliitwa na mtengenezaji zirudishwe kurekebishwa springi za valvu. Kazi hiyo hulazimu injini kufunguliwa, kwa hiyo uliza kama ilifanyika na nani aliifanya.

Honda S2000, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009, ina injini inayozunguka, kwenye matoleo ya mwanzo, hadi karibu mara 9,000 kwa dakika bila turbo. Ni kitu cha ajabu kukisikia. Bei zake zimepanda, na injini ya namna hiyo haisamehi mtu aliyesahau kupima oili. Nissan 350Z inakupa V6 ya lita 3.5 na nguvu tele kwa pesa yako, lakini nyingi zimepita mikononi mwa watu wa kuchoma tairi.

Porsche Boxster inahitaji moyo na akiba. Injini iko nyuma ya siti, hivyo huwezi kuikagua kwa kufungua boneti; ukifungua mbele utakuta buti, na nyuma buti nyingine. Kwenye matoleo ya kabla ya 2009 kuna beringi ya shafti ya kati inayojulikana kwa kuvunjika, na ikivunjika inaweza kuiua injini nzima. Injini iliyokuja mwaka 2009 haina beringi hiyo. Kwa ile ya zamani, omba risiti ya kubadilishwa kwake.

Mazda RX-8 nimeiweka mwisho kwa makusudi. Inaendeshwa vizuri mno, na injini yake ya mzunguko haina pistoni za kawaida. Inakula oili kwa jinsi ilivyoundwa, haipendi kuwashwa na kuzimwa ikiwa baridi, na kompresheni yake, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya injini, hupimwa kwa kifaa maalumu. Bila kipimo hicho, usiinunue.

Kilomita chache ni dalili ya gari zuri?

Si lazima. Gari la spoti mara nyingi ni gari la pili la mtu, hukaa chini ya turubai miezi mingi. Huku likikaa, mipira inakauka, betri inakufa, na mafuta ya breki yanavuta unyevu. Mimi naliamini zaidi gari lenye kilomita nyingi na bunda la risiti kuliko lenye kilomita chache na hadithi.

Tairi zitakusaidia kujua ukweli. Ubavuni kuna namba ya tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini ina miaka kumi imekuwa ngumu kama mbao, na kwenye lami yenye maji itakuangusha. Linganisha pia umri wa tairi na kilomita unazotajiwa. Gari la miaka minane lenye "kilomita elfu kumi na tano" na tairi seti ya tatu lina maelezo ya kutoa.

Siku ya kulikagua nifanye nini?

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Niliwahi kukuta boneti ina joto asubuhi na mapema. Muuzaji akasema alikuwa analisogeza tu. Nikamwambia nitarudi kesho, nikarudi kweli, kabla ya saa tuliyopatana. Nilipoliwasha likiwa baridi, wingu la bluu lilitoka kwenye ekzosi, likaning'inia hewani, kisha baada ya dakika moja likapotea kabisa. Hiyo ni oili iliyochuruzika usiku kupita mipira ya valvu. Jana yake, gari likiwa limepashwa, nisingeiona. Moshi wa bluu ni oili. Mweupe mzito usioisha injini ikishapata moto ni maji yanayopita gasketi. Mweusi ni mafuta mengi kupita kiasi.

Barabarani, zima redio. Gari likiwa bado baridi, ingiza gia ya pili kutoka ya tatu. Ikikwaruza, giaboksi imeanza kuchoka. Likipata moto, tembea polepole kwenye gia ya nne kisha kanyaga mafuta yote: injini ikipanda sauti na gari lisiongeze mwendo, klachi inateleza. Achia usukani kidogo mahali salama uone kama linavuta upande. Funga breki kwa nguvu uone kama usukani unatetemeka.

Nenda na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari. Kutokuwa na kosa lolote si ushahidi wa kutosha, kwa sababu makosa yanaweza kufutwa nusu saa kabla hujafika. Angalia kama vipimo vya ndani vya kompyuta vimekamilika. Vikiwa vingi havijakamilika, kuna mtu amefuta kumbukumbu juzi.

Kwenye bodi, tazama nafasi kati ya mlango na fenda, kushoto na kulia, ziwe sawa. Inua zulia la buti. Magari haya hugongwa, tena mara nyingi kwa nyuma na ubavuni, kwa sababu yameteleza. Linganisha namba ya chesi kwenye bodi na iliyo kwenye karatasi, herufi na tarakimu zote bila kuruka.

Baada ya yote hayo, lipandishe kwa fundi unayemlipa wewe, apime kompresheni ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mazungumzo ya bei yanaanza upya au yanaisha. Muuzaji anayekataa gari kupelekwa kwa fundi wako amekuokolea pesa.

Limebadilishwa: limeshushwa, limewekwa ekzosi kubwa, kompyuta imechezewa. Nilichukue?

Ningetafuta jingine. Springi zikikatwa, shokapu hufa. Kompyuta ikichezewa, hujui injini imeishi chini ya shinikizo gani. Isipokuwa muuzaji awe na risiti za kazi hiyo na vipuri vya asili vyote kwenye sanduku.

Gia za mkono au otomatiki?

Za mkono, kama mguu wako hauna shida na foleni si maisha yako ya kila siku. Huuzika vizuri zaidi pia.

Bima na mafuta vitaniumiza?

Ulizia bima kabla ya kulipa hata amana, ukitaja aina kamili ya gari na umri wa dereva. Kwa magari haya tofauti kati ya kampuni na kampuni ni kubwa kuliko unavyotarajia. Kama ni gari linalopanda thamani, omba mkataba wenye thamani iliyokubaliwa mapema na pande zote mbili, iandikwe.

Kuhusu mafuta, gari jepesi linaweza kula kidogo kuliko gari lako kubwa la sasa. Lakini nyingi za injini hizi zinataka petroli ya oktani ya juu. Soma kibandiko ndani ya mfuniko wa tangi, na kama aina hiyo haipatikani njiani kwako, tafuta gari jingine.

Nimeendesha miaka mingi. Kuna cha kujifunza upya?

Kipo. Gari la familia lililozoeleka husukumwa kwa tairi za mbele, na ukiingia kona kwa kasi huteleza kwenda nje, ukaachia mafuta likarudi. Gari linalosukumwa kwa tairi za nyuma, hasa lenye injini katikati, ukiachia mafuta ghafla ndani ya kona uzito hukimbilia mbele, nyuma hubaki nyepesi, na gari huzunguka. Mengi ya zamani hayana mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza. Marekani ililazimisha magari mapya madogo kuwa nao kuanzia toleo la 2012 tu. Lipia siku moja na mwalimu kwenye uwanja uliofungwa, wenye maji. Nilipozunguka mara ya kwanza nilikuwa kwenye uwanja huo, hakuna mtu mbele yangu wala mti.

Mwenzangu hataki kabisa.

Msikilize hadi mwisho kabla ya kumwonyesha picha za gari. Mara nyingi hakatai gari. Anakataa kuwa yeye ndiye atakayebeba kazi zote ambazo gari la zamani lilikuwa likizifanya. Mpe lile daftari. Mkalijaribu pamoja, naye akae kwenye usukani.

Na nikijuta?

Usiamue ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mwezi wa kwanza kila kitu ni raha, wa pili fundi anakuletea orodha, wa tatu ndipo unaanza kuishi nalo. Mimi mwezi wa pili niliwahi kuandika tangazo la kuuza, nikakaa nalo bila kulitoa. Risiti zote ziweke kwenye faili moja tangu siku ya kwanza, na usitupe kipuri chochote cha asili ukibadilisha. Ukifika mahali pa kuuza, fanya hivyo jua likiwa limetoka na paa limefunguliwa, vijishimo vya maji vikiwa vimezibuliwa, na injini ikiwa baridi ili mnunuzi aje kuiwasha mwenyewe.